Mafundo Sita ya Simu

Mimi ni mhasibu. Nalitaja hili mapema kwa kujitetea, maana yote yaliyotokea baharini msimu ule wa kusi yalianzia hapo. Mhasibu ni mtu asiyelala mpaka shilingi mia iliyopotea daftarini ipatikane, hata kama kuitafuta kumekula umeme wa elfu kumi. Mtu huyo mpeleke Nungwi, mpandishe mashuani, kisha mwache aulize, "Ami, tunakwenda mwendo gani?"

"Mwendo wa nguru."

"Mwendo wa nguru ni kiasi gani?"

"Ni kiasi cha kumpata nguru."

Nilikaa na jibu hilo wiki nzima ofisini. Stakabadhi ya namna hiyo ningeirudisha.

Mashua ilikuwa ya Ami tangu zamani, lakini mashine ya nguvu ya farasi 15 niliinunua mimi kwa akiba yangu, na hivyo tukahesabu kuwa chombo ni nusu kwa nusu. Yeye alileta mbao na miaka hamsini ya bahari; mimi nilileta mashine na Jumamosi zangu. Kazi yetu ilikuwa kurambaza.

Kwa msomaji wa bara aliyezoea kukutana na samaki kikaangoni: kurambaza ni kuvua huku chombo kinakwenda. Mishipi huachiwa nyuma, mita thelathini, mita hamsini, na mwisho wa kila mshipi pana chambo. Huenda kikawa kibua aliyeshonewa ndoana tumboni, au shada la manyoya meupe ya kuku, au samaki wa plastiki mwenye ulimi uliochomoza chini ya mdomo. Chambo kazi yake ni kusema uongo, na mwendo kazi yake ni kuufanya uongo huo uaminike. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland aliyechonga samaki wake wa kwanza wa bandia mwaka 1936, alikuwa ameona kwamba samaki wakubwa humwacha mdogo anayeogelea sawasawa wakamfuata yule anayeyumba kama mgonjwa. Maji yakiusukuma ule ulimi, samaki wa plastiki huzama na kuyumba. Ukienda polepole mno, haugui ugonjwa wowote. Ananing'inia kama soksi kwenye kamba. Ukienda mbio mno, hupinduka ubavu na kurukaruka juu ya maji, na nguru, ambaye ana akili zake, humtazama tu akapita.

Basi mwendo ndio kila kitu, na katika chombo chetu mwendo haukuwa na namba. Ami alikaa omoni, kijana wetu alikaa tezi, mkono kwenye mashine. Hawakusemezana. Mara kwa mara Ami aliinua kiganja bila kugeuka, kijana akaongeza mafuta. Alikishusha, kijana akapunguza. Samaki tulipata. Lakini niliona ni aibu biashara ambayo nusu yake ni yangu kuendeshwa kwa viganja.

Jumamosi moja nikaja na simu yenye programu ya kupima mwendo. Niliifunga kwenye mlingoti kwa raba za mpira, nikamweleza Ami kwamba juu yetu, zaidi ya kilomita elfu ishirini, zinazunguka setilaiti. Kwamba tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyachafua makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, hata mvuvi wa Nungwi anaweza kujua alipo na mwendo anaokwenda, tena bila salio.

Ami alisikiliza kwa heshima. "Hao walio huko juu, nguru wanamwona?"

"Hawamwoni, Ami."

"Wanapima nini, basi?"

"Wanatupima sisi."

"Sisi tupo," akasema. "Nguru ndiye anayetafutwa."

Nilicheka kama wanavyocheka wasomi, nikaanza kutangaza. Mwendo wa chombo huhesabiwa kwa fundo, na nilikuwa nimesoma kwamba nguru hupenda mafundo matano hadi sita. "Tano nukta nne! Sita nukta tisa, punguza! Nne nukta nane, ongeza!" Sikujua kwamba simu huchelewa, hukupa wastani wa sekunde zilizokwisha kupita, wakati mashua kwenye mawimbi ya kusi hupanda mlima ikichechemea na kuuteremka ikikimbia. Kila nilichotangaza kilikuwa habari ya jana. Mkono wa kijana ukawa kama wa mpiga kodiani kwenye taarabu ya harusi.

Siku hiyohiyo nilifanya na uungwana wa pili. Ami hutafuna tambuu: jani, popoo, chokaa, na tumbaku kidogo. Kila baada ya muda hutema mate mekundu upande wa demani, unakokwenda upepo, kisha midomo ikamcheza na vidole vikagongagonga paja. Hayo ya midomo na vidole niliyajua: mzee anafanya dhikri. Ila mate yalinikera, na kuna asubuhi upepo uligeuka ghafla, tone likanifikia kwenye shati. Kwa hiyo nikamletea kopo la maziwa ya unga, nimelisugua linang'aa, kifuniko chake juu.

Ami alilitazama kopo. Akatazama bahari. Akanitazama mimi.

"Niwe natemea humu?"

"Ndiyo, Ami. Bahari ibaki safi."

"Haya, mwanangu. Chombo nusu chako."

Tangu hapo akatemea kopo, na nikaona hata dhikri yake imepungua. Nikasema moyoni, uzee.

Kufikia adhuhuri nilikuwa nimewafunza simu na kijana kupatana. Tulikwenda kaskazini kuelekea mwamba ulio kati ya Nungwi na Pemba, ule ambao kwenye ramani umeandikwa Leven kwa jina la manowari ya Kiingereza ya Kapteni Owen, aliyekuja kupima pwani hii miaka ya 1820. Simu ilisoma sita nukta sifuri. Tulirudi kusini, simu ikasoma sita nukta sifuri. Niliandika katika daftari: kwenda 6.0, kurudi 6.0, samaki 0. Hesabu zilikuwa safi kabisa isipokuwa ile ya mwisho.

Jumamosi ya pili ikawa hivyo. Na ya tatu. Dalili zilikuwepo, kama mtu angetaka kuziona. Wakati wa kwenda, mashine ilinong'ona na mishipi ikalegea. Wakati wa kurudi, mashine ilipiga kelele, petroli ikanywewa kama togwa, na wale samaki wa plastiki wakaruka nyuma yetu kama panzi wa baharini. Mhasibu mwenye akili angejiuliza kwa nini bidhaa ileile ina bei mbili. Mimi niliandika 6.0 mara mbili, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Nyumbani hali ikawa ngumu. Mke wangu ni binti wa wavuvi, na nilikuwa nimemuahidi samaki kila Jumamosi. Jumamosi ya tatu nilipita mnadani ufukweni, nikanunua nguru wa wastani, nikaingia naye nyumbani nikiwa nimemshika mkiani kama mtu aliyepigana naye. Mke wangu alimpokea, akamgeuza upande, akamgeuza upande wa pili, akamfungua mdomo.

"Huyu mmemvua kwa nini?"

"Kwa mshipi, mama. Tumerambaza."

"Wa mshipi ana jeraha mdomoni. Huyu mdomo wake mzima kama wa bibi harusi, na shingoni ana alama za jarife." Akachukua kisu. "Umemnunua kiasi gani?"

Nikamtajia. Akasema nimeibiwa.

Usiku ule niliamua kwamba tatizo ni simu. Mtu asiyetaka kujilaumu huwa hakosi kifaa cha kulaumu. Nikarudi kwa wa kale. Kabla ya setilaiti, mabaharia walitupa majini kibao kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo, wakageuza shisha (ile ya mchanga, vijana wa Forodhani wanisamehe) iliyomwaga kwa sekunde 28, wakahesabu mafundo mangapi yamepita mkononi. Kutoka fundo hadi fundo palikuwa na mita 14.4 hivi. Ndiyo asili ya kusema chombo kinakwenda mafundo matano au sita, na kila fundo ni maili moja ya baharini, mita 1,852, kwa saa. Wazee wetu kipimo hicho walikiita batli.

Nilikata kibao, nikanunua kamba ya nailoni ya mita mia na ushei, nikaipima sebuleni kwa futikamba huku watoto wakiniruka, nikafunga mafundo saba. Mke wangu alipita mara mbili bila kusema neno, na kwa wenye ndoa hayo ni mazungumzo marefu.

Jumamosi ya nne nikasimama tezi karibu na kijana, batli mkononi, saa ya kusimamisha mkono wa pili. Nyuma yetu mishipi minne ilikuwa majini. Nadhani msomaji ameshafika mahali ambapo mimi sikuwa nimefika. Nilitupa kibao. Kamba ikatoka vizuri: fundo moja, mafundo mawili. Kisha ikakutana na mshipi wa kwanza, wakasalimiana. Wakamchukua na wa pili. Nilipiga kelele, "Punguza!" Kijana akapunguza, kamba ikalegea, ikarudi chini ya chombo, na rafadha ikaimeza yote, mafundo yake na elimu yake. Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Bahari ilikuwa kimya sana ghafla. Nikaitazama simu kwenye mlingoti, nikapata faraja.

"Msiwe na wasiwasi," nikatangaza. "Bado tunakwenda mafundo mawili nukta nane."

Kijana alinitazama kwa namna ambayo, kama si heshima ya umri, ingekuwa neno.

"Tunakwenda wapi?" Ami akauliza.

Nikaangalia dira. "Kaskazini."

"Kaskazini kuna nini?"

"Pemba kwa kuliani. Halafu... Kenya."

"Umechukua paspoti?"

Kijana aling'ata kisu, akajitosa. Mimi nikagundua miguu yangu imelowa. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja kidogo, na katika rabsha ile upo wetu wa kufulia maji, kipande cha dumu la mafuta, ulikuwa umesukumwa na mtu baharini. Mtu huyo sitamtaja, ni mhasibu. Ami hakusema kitu. Alilifungua lile kopo la maziwa, akalimwaga upande wa demani, akalisuuza, akanikabidhi.

"Shuka ngamani, mwanangu. Fua maji."

Nikashuka. Nikawa nachota na kumwaga, nachota na kumwaga, pua yangu juu kidogo tu ya ubavu wa chombo. Na pale, dhiraa moja kutoka kidevuni pangu, palikuwa na lile doa jekundu la mate ya Ami, limetandaa juu ya maji. Nilitaraji litabaki nyuma. Nikafua kopo kumi. Doa lipo. Nikafua kopo thelathini. Doa lipo, linapumua taratibu kama lililo ndani ya beseni. Nikainua macho: simu inasema mafundo mawili nukta nane. Nikashusha macho: doa halijasogea hata shibiri.

Vipimo viwili, chombo kimoja, majibu mawili. Hapo ndipo uhasibu wangu, uliokuwa umelala mwezi mzima, ulipoamka.

Fikiria umepanda boti kutoka Dar kwenda Unguja, unatembea ukumbini kufuata chai. Kwa abiria mwenzako, unakwenda hatua moja moja. Kwa aliyesimama ufukweni, unapita kama gari. Wote wawili wamepima sawa. Wametofautiana tu wamepima kwa kulinganisha na nini. Simu hulinganisha na nchi kavu. Na pwani hii maji yenyewe yana safari zao: mkondo wa Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hupata mtu wa kuusukuma mgongoni. Sisi, mashine imezima, tulikuwa tumebebwa pamoja na doa letu, na nguru naye huko chini amebebwa vilevile. Nguru ni abiria mwenzetu. Chambo chake anakiona kinavyokwenda ndani ya maji, na kule ufukweni hajawahi kusimama hata siku moja.

Nikafanya hesabu huku nachota. Kwenda kaskazini, simu ilisema sita, lakini karibu mafundo matatu yalikuwa ya mkondo. Majini tulikuwa tukijikokota kwa mafundo matatu. Ndiyo zile soksi kwenye kamba. Kurudi kusini, ili simu isome sita tulilazimika kuulipa mkondo deni lake kwanza. Majini tulikuwa tukikimbia karibu mafundo tisa. Ndiyo wale panzi. Wiki tatu nzima sikuwahi hata mara moja kwenda mwendo wa nguru. Laiti ningeiacha mashine kwenye mafuta yaleyale kwenda na kurudi, nikajumlisha namba mbili za simu na kugawa kwa mbili, ningepata mwendo wetu wa majini. Na nusu ya tofauti yao ingekuwa mkondo. Hesabu ya darasa la saba.

"Ami!" nikapaza sauti kutoka ngamani. "Mate!"

"Nimeyaona."

"Hayaendi!"

"Yaende wapi, na sisi hatuendi?"

Ndipo akanieleza, taratibu, kama anayemweleza mtoto habari ya kaka zake. Alikuwa akitema mate omoni pale alipokaa, akisema Subhanallah, Subhanallah, mpaka doa lifike tezi. Likifika kwa Subhanallah tatu, huo ni mwendo wa nguru. Mbili, mwendo wa jodari. Nne, mwendo wa kibua aliyeshonwa, ambaye akiharakishwa huchanika. Likichelewa huinua kiganja, likiwahi hukishusha.

"Kumbe haikuwa dhikri?"

"Ilikuwa dhikri. Kwani Mungu amekataza mtu kujua mwendo wake?"

"Na kwa nini hukuniambia, nilipokuletea kopo?"

Akafikiri kidogo. "Uliliosha vizuri sana. Nikaona vibaya kulikataa." Kisha akaongeza, "Tena ulisema utapima wewe. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Nikasimama na kopo langu mkononi. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimemfungia mzee kipimo chake chini ya kifuniko, halafu nikamshangaa kwamba dhikri imepungua.

Kijana aliibuka na fungu la nailoni lililokatwa vipande, akanikabidhi bila maelezo. Dakika arubaini zilikuwa zimepita, na tulikuwa tumesogezwa kama kilomita tatu na nusu bila kutumia tone la petroli. Mashine ikawaka. Mishipi miwili iliyosalimika ikarudi majini. Ami akatafuna, akatema demani. Nami kwa mara ya kwanza nikalifuata lile doa kwa macho likiteleza ubavuni, Subhanallah moja, mbili, tatu, likanipita mimi, likampita kijana. Kiganja kikatulia. Simu ilisema moja nukta saba hapo, nadhani, maana tulikuwa tunarudi kusini kukabili mkondo. Sikuitangaza.

Mshipi wa kushoto ukanyooka kama waya wa umeme.

Alikuwa nguru wa haja. Jioni mke wangu alimfungua mdomo, akaliona jeraha, akaufunga. "Huyu wa mshipi," akasema, kwa sauti ambayo kwake ni sherehe.

Usiku nikakaa na daftari. Kutoka pale Ami anapotemea hadi tezi ni mita 7. Subhanallah yake moja, kwa saa yangu ya kusimamisha, ni sekunde moja. Mita saba kwa sekunde tatu ni mafundo manne na nusu. Kwa sekunde mbili ni karibu mafundo saba. Kwa sekunde nne ni mafundo matatu na nusu hayafiki. Nguru, jodari, kibua: kila mmoja kwenye safu yake, hesabu imesimama. Na tena nikakumbuka kwamba mabaharia wa Ulaya nao, kabla ya kamba yenye mafundo, walikuwa wakitupa kipande cha ubao omoni na kuhesabu mpaka kifike tezi. Ami hatupi ubao. Ubao una gharama.

Simu bado ipo mlingotini. Sasa inafanya kazi inayoijua: kutuambia tutafika nyumbani saa ngapi. Mate hutuambia tunavyokwenda majini, simu hutuambia tunavyokwenda juu ya nchi, na tukielekea moja kwa moja kuukabili mkondo au kuufuata, nikitoa moja katika jingine napata mkondo. Nilimweleza Ami uvumbuzi huo. Akasema ni mzuri, na kwamba yeye mkondo huuona kwenye kamba za maboya ya madema.

Nilijaribu kujifunza tambuu pia, niwe na kipimo changu. Jaribio la kwanza nilitema upande wa joshini, unakotoka upepo. Kijana alikuwa amevaa fulana nyeupe. Tangu siku hiyo tumekubaliana sote watatu kuhusu mgawanyo wa kazi. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nimekwenda tezi na batli, nimekwenda omoni na kopo la ustaarabu, na marejeo yangu ndiyo hayo: kila Jumamosi nashuka ngamani kufua maji. Kile kipande cha dumu hatukukibadilisha. Kopo la maziwa linatosha kabisa, na linachota nusu lita kamili. Nimelipima.